Je, Wajua? Kamera ya Fremu Kamili Mbele ya Vumbi, Chumvi na Baridi

Kamera ya fremu kamili pamoja na lenzi yake nzuri hugharimu mamilioni ya shilingi. Anayeinunua kwa kazi ya mbugani, baharini au mlimani anategemea imtumikie miaka mingi. Hata hivyo, dukani maswali ya kwanza huwa ni megapikseli ngapi na video ya kiwango gani. Ni wachache wanaouliza kitu gani kitaiua. Dondoo zifuatazo zimekusanywa kwa ajili ya swali hilo, na nyingi zinaelekea mahali pamoja: kamera huharibikia kwenye maungio, pale kitu kimoja kinapokutana na kingine. Ukiyajua maungio hayo na ukamjua adui wa eneo lako, umeshajua nusu ya kununua.

Fremu kamili ilizaliwa kwa ajili ya mtu wa matembezi

Oskar Barnack alikuwa fundi mitambo wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alipenda kutembea vilimani na kupiga picha, lakini alikuwa na pumu, na kamera za wakati wake pamoja na vioo vyake zilikuwa mzigo wa kumchosha hata mwenye mapafu mazima. Akachukua filamu ya sinema ya milimita 35, akaipitisha kwa ulalo, na picha ya sinema iliyokuwa na milimita 18 kwa 24 akaiongeza maradufu ikawa milimita 24 kwa 36. Kamera ya majaribio ilikuwa tayari mwaka 1914, na Leica ikaingia sokoni mwaka 1925.

Vipimo hivyo ndivyo vya sensa ya fremu kamili hadi leo. Eneo lake ni milimita za mraba 864, zaidi ya mara mbili ya sensa ya APS-C iliyomo katika kamera nyingi za bei nafuu. Ndiyo maana fremu kamili huona vizuri alfajiri na magharibi, saa ambazo simba na chui huwa kazini. Gharama yake ni kwamba sensa kubwa inataka mdomo mkubwa wa kamera na lenzi kubwa, na kila kikubwa kina mzingo mrefu zaidi wa kuziba.

Kamera iliyopiga picha kileleni Everest ilikuwa ya mtumba

Tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary alimpiga picha Tenzing Norgay kwenye kilele cha Everest, zaidi ya mita 8,800 juu ya usawa wa bahari. Kamera yake ilikuwa Kodak Retina ya Ujerumani, iliyotengenezwa miaka ya 1930 na kununuliwa ikiwa imeshatumika. Filamu yake ilikuwa ya milimita 35, fremu ileile ya Barnack. Haikuwa na betri hata moja, na Hillary aliibeba ndani ya shati lake ili joto la mwili liilinde na baridi.

Mbinu hiyo haijapitwa na wakati hata kidogo, kama tutakavyoona kwenye betri za leo.

Maneno “inastahimili hali ya hewa” hayana kipimo

Karibu kila kamera ya bei kubwa husifiwa kwamba imezibwa dhidi ya vumbi na maji. Sifa hiyo peke yake haimfungi mtengenezaji kwa lolote. Kipimo halisi kipo, nacho ni msimbo wa IP uliowekwa katika kanuni ya kimataifa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili inahusu maji. IP54, kwa mfano, maana yake ni kwamba vumbi linaweza kupenya kidogo bila kuzuia kifaa kufanya kazi, na kwamba maji yakirushwa kutoka upande wowote hayataleta madhara. Haina maana kwamba unaweza kuizamisha.

Leica SL2 na SL3 zimetangazwa kwa kiwango hicho cha IP54. Canon, Nikon na Sony, ambazo ndizo zinazoonekana zaidi mikononi mwa wapiga picha, kwa kawaida hazitoi namba ya IP kwa kamera zao za fremu kamili, hata zile zilizozibwa vizuri sana. Mojawapo ya kamera zenye sifa kubwa mvuani, OM-1 ya mwaka 2022 yenye IP53, si ya fremu kamili kabisa: sensa yake ni ndogo hata kuliko ya APS-C.

Pentax K-1 ina vizibo 87

Kamera hii ya fremu kamili ilitoka mwaka 2016, ikafuatiwa na K-1 Mark II mwaka 2018. Mtengenezaji alitaja vizibo 87 ndani ya bodi yake. Namba hiyo inasifu kazi ya mafundi, lakini pia inafundisha ni sehemu ngapi zingeweza kuingiza maji: kila kitufe, kila gurudumu la kuzungusha, mlango wa betri, mlango wa kadi, vifuniko vya soketi za waya, na duara pale lenzi inapofungwa.

Mpira huchakaa. Hukauka, hupasuka na hupoteza unyumbufu kwa jua na miaka. Kwa hiyo kamera iliyozibwa vizuri mwaka 2016 si lazima iwe bado imezibwa vizuri leo, na anayenunua iliyotumika anapaswa kuifungua milango yote na kuikagua mipira yake kwa macho na kwa kidole.

Baadhi ya lenzi hazijazibwa mpaka uziwekee filta

Bodi iliyozibwa ikifungwa lenzi isiyozibwa, maji yatapita kwenye lenzi yakafike ndani ya bodi. Lenzi iliyozibwa hutambulika kwa pete nyembamba ya mpira kwenye kitako chake cha chuma. Pete isipoonekana, usiipeleke mvuani.

Hata pete hiyo haitoshi wakati wote. Canon imeeleza kwamba baadhi ya lenzi zake za daraja la L, kama EF 17-40mm na EF 16-35mm f/2.8L II, hukamilika kuzibwa pale tu filta inapofungwa mbele. Sababu ni kwamba kioo cha mbele husogea ndani ya kasha lake, na bila filta pana mwanya. Wako watu wengi waliolipia kinga hii wasiipate kwa kukosa kipande cha kioo cha bei ndogo.

Magnesiamu ni nyepesi na imara, lakini chumvi ni adui yake

Bodi nyingi za kazi ngumu hutengenezwa kwa aloi ya magnesiamu. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina uzito wa gramu 1.74, wakati ya alumini ina gramu 2.7. Kwa hiyo unapata bodi ya chuma isiyokuvunja shingo. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba magnesiamu huliwa haraka na chumvi kuliko metali nyingine zinazotumika kujengea vifaa. Kinachoilinda ni rangi na tabaka la juu.

Mkaazi wa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja alizingatie hili. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na upepo wa pwani huirusha hewani hata kama hukugusa maji. Chumvi ikikauka juu ya kamera hunyonya unyevu wa usiku na kuendelea kula pale rangi ilipochubuka, pamoja na vituo vya umeme kwenye mlango wa betri na kitako cha lenzi. Ukirudi kutoka ufukweni au kwenye jahazi, pangusa kamera ikiwa imefungwa, kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo na chumvi kisha kikakamuliwa, halafu kikavu. Usisubiri kesho.

Kamera ya kuzamia ya Nikon ilianzia kwa mtafiti wa bahari

Mbelgiji Jean de Wouters aliibuni kamera ya Calypso akishirikiana na Jacques Cousteau, mzamiaji maarufu wa Ufaransa, ambaye meli yake ilikuwa na jina hilohilo. Nikon ikapata haki ya kuitengeneza, na mwaka 1963 ikaitoa kwa jina la Nikonos. Ilitumia filamu ya milimita 35 na haikuhitaji kasha la ziada. Nikonos V ya mwaka 1984 iliruhusiwa kushuka mita 50.

Siri yake ilikuwa oringi, duara la mpira lililopakwa grisi kidogo. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikikaa juu ya oringi, maji yanaingia. Kwa sababu hiyo wazamiaji walifundishwa kuisafisha na kuipaka grisi kabla ya kuzama. Anayetumia leo kasha la kuzamia kwa kamera yake ya kidijitali, iwe Mafia, Pemba au Watamu, ana wajibu uleule.

Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo cha lenzi

Mchanga mwingi una madini ya kwazi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yana 7. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Ukifuta lenzi yenye mchanga kwa kitambaa, unaichora. Kanuni ni kupuliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, na kitambaa mwisho kabisa.

Vumbi la tambarare za kusini za Serengeti lina asili yake: udongo wake umejengwa na majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai imeendelea kuchangia. Hayo ni majivu ya mawe, yenye chembe laini za kupenya kila mahali. Gari la watalii likisimama ghafla, wingu lake lenyewe hulifikia kutoka nyuma na kuingia madirishani. Subiri vumbi litue kabla ya kuinua kamera, na usibadilishe lenzi ukiwa humo.

Chembe usiyoiona kwa macho huziba pikseli kadhaa

Nikon D850 ya mwaka 2017 ina pikseli 8,256 kwenye upana wa milimita 35.9. Gawanya, utaona kwamba kila pikseli ina upana wa zaidi kidogo ya sehemu nne kwa elfu za milimita, yaani mikromita 4.35. Chembe ya vumbi yenye mikromita 20 inafunika safu nne au tano. Doa lake huonekana zaidi unapobana tundu la lenzi, kwa mfano kwa f/16, kwa sababu chembe hukaa juu ya kioo kilicho mbele ya sensa, na mwanga mwembamba hutoa kivuli kikali. Kabla ya safari, piga picha ya anga tupu kwa f/16 na uikuze. Madoa yote yatajitokeza.

Kamera zisizo na kioo cha ndani ziliongeza tatizo hili, maana ukitoa lenzi, sensa iko wazi. Watengenezaji wamelijibu. Canon R5 inaweza kufunga pazia la shata mbele ya sensa unapoizima kamera. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina shata ya mtambo kabisa, hivyo ikawekewa ngao maalumu inayoshuka kuifunika sensa. Kipengele hiki kidogo kina faida kubwa zaidi kwa mtu wa Amboseli au Turkana kuliko megapikseli kumi za nyongeza.

Betri haifi kwa baridi, hulala

Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi hutaja joto la kufanyia kazi la nyuzi 0 hadi 40 za Selsiasi. Pentax K-1 na Nikon Z9 zimeruhusiwa kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huondoka kambi ya Kibo usiku wa manane, mita zaidi ya 4,700, wakielekea Uhuru, mita 5,895, na mara nyingi hupita kwenye baridi ya chini ya sifuri wakipigwa na upepo.

Kwenye baridi kali, mwendo wa kikemia ndani ya betri ya lithiamu hupungua, na betri iliyojaa huonyesha kwamba imekwisha. Usiitupe. Iweke ndani ya nguo karibu na mwili, kama Hillary alivyofanya na kamera yake, na itapata tena sehemu kubwa ya nguvu. Beba betri mbili au tatu na uzibadilishe kwa zamu.

Umande huingia hata palipozibwa

Maji ya mvua huzuiwa na mpira. Mvuke ulioko tayari ndani ya kamera hauzuiwi na kitu. Kitu baridi kikiingia kwenye hewa yenye joto na unyevu, mvuke hugeuka kuwa matone juu yake, nje na wakati mwingine ndani. Huko Ulaya hutokea mtu anapotoka kwenye theluji akaingia nyumbani. Pwani yetu hutokea kinyume: kamera imelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, na alfajiri inatolewa kwenye hewa ya bahari.

Dawa ni kuifungia kwenye begi lisiloingiza maji, lile la kukunja mdomo, na kuiacha ndani ya begi mpaka ipate joto la nje. Begi la aina hiyo linafaa pia kuliko mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyopigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019.

Kuvu hula lenzi iliyofungiwa kabatini

Lenzi nyingi za pwani haziharibiki kazini, huharibikia kwenye begi. Giza, unyevu na vumbi la nguo hulea kuvu, nayo hutambaa juu ya vioo vya ndani kama nyuzi nyeupe na kuacha alama kwenye tabaka lake. Hifadhi nzuri ni sanduku linalofungika vizuri lenye vipakiti vya silika na kipimo cha unyevu, kikisoma kati ya asilimia 40 na 50. Vipakiti vikijaa unyevu hukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Na kila unaponunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi uchungulie upande wa pili.

Kuziba vizuri huifungia kamera joto lake

Canon R5 ilipotoka mwaka 2020, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba video ya 8K ingerekodiwa kwa dakika kama 20 hivi katika joto la nyuzi 23, kisha kamera ipumzike. Bodi isiyo na matundu haina pa kutolea moto. Fikiria basi bodi nyeusi juani Lodwar au Dodoma. Mpiga video wa maeneo hayo anahitaji kivuli, mwavuli, au kamera yenye feni. Lenzi ndefu za Canon ni nyeupe kwa sababu hiyo hiyo: rangi nyeupe hupunguza joto linalofyonzwa, na vioo vya floraiti vilivyomo hubadilika kwa joto.

Kamera imewahi kupokea risasi

Katika vita vya Kambodia, Nikon F ya mpiga picha Mwingereza Don McCullin ilipigwa na risasi ya AK-47 na kuizuia. Kamera ikafa, yeye akapona. Nyingine iliangukia meno ya simba. Mwaka 2009, mpiga picha Will Burrard-Lucas na ndugu yake walileta Tanzania kigari cha rimoti kilichobeba kamera ili kuwapiga picha wanyama kwa karibu. Simba alikibeba na kamera ikasagika, lakini kadi ya kumbukumbu ilibaki na picha zake. Kamera za kazi zina nafasi ya kadi mbili. Zitumie zote mbili, maana kamera hununuliwa tena, tukio halirudi.

Hata NASA haipeleki kamera Mwezini kama ilivyotoka dukani

Februari 2024 NASA na Nikon walitangaza kushirikiana kutengeneza kamera ya wanaanga wa Mwezini kutokana na Z9. Imevikwa blanketi la kuikinga na joto, baridi na vumbi, na imewekewa mshikio wenye vitufe vikubwa vya kubonyezwa kwa glavu nene. Wenye uwezo wote huo wameona kwamba kamera bora inahitaji nguo.

Shata ina umri wake

Nikon D850 ilipimwa kwa mipigo 200,000 na Canon R5 kwa 500,000. Mwongoza watalii anayepiga picha 500 kila siku atafikisha 200,000 kwa siku 400. Idadi ya mipigo ni sawa na kilomita za gari: anayeuza kamera Kariakoo au Nairobi na asiyetaka kukuonyesha, muage.

Basi, uchague ipi?

Kwa vumbi la mbugani na kazi ya kila siku, Nikon Z8 au Z9: zinafanya kazi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri na hazina shata ya mtambo ya kuchakaa. Kwa mvua na milima, mfuko ukiwa mdogo, Pentax K-1 Mark II au D850 iliyotunzwa. Hizi mbili za mwisho kila moja ina uzito wa kama kilo moja, kwa hiyo pima mabega yako. Anayetaka kinga iliyoandikwa kwa namba na ana fedha, Leica SL3. Anayeishi kwenye mvua na kutembea kwa miguu siku nzima asione aibu kuiacha fremu kamili na kuchukua OM-1.

Kabla hujalipa, fungua kila mlango wa kamera, gusa kila mpira, itafute pete kwenye kitako cha lenzi, na usome joto lililoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Kisha tenga sehemu ya bajeti kwa filta, betri ya pili, begi lisiloingiza maji na sanduku la silika. Bodi ya daraja la pili yenye lenzi iliyozibwa na mwenyewe anayeipangusa kila jioni itadumu kuliko bodi ghali iliyoachwa na chumvi usiku mmoja baada ya mwingine.